Jicho la Mfumu na Nuru ya Tabibu

Katika zama za wazee ambao sisi hatukuwadiriki, Msukuma aliyefikwa na maradhi asiyoyajua chanzo chake alimwendea mfumu, yaani mwaguzi wa jadi, na kifaranga mkononi. Akamtemea kifaranga mate mdomoni ili hali yake imwingie yule ndege, kisha mfumu akampasua, akamfunua, akainama kumsoma.

Hapo ndipo elimu yake ilipodhihiri. Mfumu hatazami juu juu. Hutafuta doa jeusi, mshipa uliojaa damu, wekundu uliozidi au weupe usio wa kawaida, na kila alama ina mahali pake na maana yake, iwe ni mizimu ya ukoo inayodai haki au husuda ya jirani. Siamini kwamba ini la kuku hujua siri ya binadamu, lakini nastahi sana malezi yale ya jicho, ambayo mfumu aliyapata ujanani kwa miaka mingi ya kukaa karibu na mwalimu wake.

Jicho kama hilo twalikuta machinjioni, pale bwana mifugo apasuapo ini la ng'ombe kutafuta minyoo bapa kabla ya kugonga mhuri; na twalikuta hospitalini Muhimbili, ambako mwezi Novemba 2017 madaktari wetu, pamoja na wenzao wa India, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Mishipa ikisha kushonwa na vibanio kufunguliwa, figo iliyopauka hurejewa na rangi ya waridi, na wote waliosimama mezani huingojea rangi ile kwa shauku.

Lakini jicho lina mpaka wake. Mjapani Takuo Aoyagi alibainisha mwaka 1974 kwamba mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, ukipenyezwa kidoleni, hupima oksijeni iliyomo damuni, kwa kuwa damu iliyopungukiwa nayo hunyonya zaidi ule mwekundu. Na kwa kanuni iyo hiyo watafiti wa ng'ambo humulika figo na maini ya watoaji, wapate kujua kama vingali hai kabla ya kuvipandikiza.

Mgonjwa anayebanwa kidole kwa kifaa kitumiacho kanuni ya Aoyagi huona kucha yake ikiwaka wekundu, naye muuguzi, pasipo kisu wala tone la damu, husoma tarakimu.