Tarakimu Pembeni ya Jina la Faili

Mtu wa Koyama, kisiwa cha Wabajuni pwani ya Somalia, aliyeko Mombasa au London akitaka kusoma sarufi ya Kibajuni, haiendei dukani. Anaitafuta mtandaoni, kwa kuwa Derek Nurse, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Memorial huko Newfoundland, Kanada, aliyekichunguza Kibajuni kwa miaka mingi, aliyaweka maandishi yake huko katika faili za PDF. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya watu wa Koyama, Ngumi, Chovai na Chula; lugha yao sasa inasomwa mbali na visiwa hivyo. Na mwenye bando dogo, kabla ya kubonyeza, hujiuliza: ina MB ngapi?

Swali hilo si geni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, amri ya ls -l kwenye Unix ilitaja baiti za kila faili, na mwaka 1981 amri ya DIR ya MS-DOS ikafanya hivyo hivyo. Lakini hizo zilikuwa faili za mashine yako mwenyewe, ambazo kuzifungua hakukugharimu kitu. Mambo yalibadilika mwaka 1990, pale Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alipotunga Archie. Programu hiyo ilikusanya orodha za faili kutoka hazina za FTP, yaani kompyuta za mbali zilizogawa faili. Ukiiuliza, ilikupa jina la faili, hazina ilimo, tarehe na ukubwa wake kwa baiti. Yaliyomo ndani haikuyajua kabisa. Kwa modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, MB moja ilikula kama saa nzima. Ile tarakimu ndiyo iliyokuambia ungoje au uachane nayo.

Google nayo ilionyesha ukubwa wa kurasa kwa miaka kadhaa, kisha ikauondoa. Kwangu waliharakisha. Waliokuwa na laini za kasi hawakuukosa, lakini pwani ya Somalia hali ilikuwa nyingine. Januari 2014 al-Shabaab iliyapa makampuni ya simu siku 15 kuzima intaneti ya simu. Juni 2017 meli ya makontena, MSC Alice, ikakata mkongo wa baharini, na Mogadishu na sehemu kubwa ya kusini zikakaa kama wiki tatu bila intaneti ya kawaida.

Hata maana ya “kubwa” haikutulia. Windows 7, iliyotoka 2009, ilimruhusu mtafutaji kuchuja matokeo kwa ukubwa, na faili iliyopita MB 128 iliwekwa daraja la juu kabisa, la majitu. Katika Windows 10 daraja hilo likaanzia GB 4. Bando la mvuvi halikupanda kwa kasi hiyo.

WhatsApp, ambamo jamaa waliotawanyika hupelekeana video za arusi na maziko, haikuiacha tarakimu: video isiyopakuliwa bado huandikwa MB zake. Kwa muda mrefu video iliyozidi MB 16 haikupita. Mwaka 2022 ikaruhusu hati za hadi GB 2. Hata hivyo, anayetafuta katika kompyuta yake video ya kumpelekea shangazi Kismayu bado anafanya vizuri kuandika size:<16MB kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, akamwachia shangazi salio la kujibu.