Mikebe ya Kinshasa: Je, Filamu za Muziki wa Zamani Zinalipa?

Tamasha la Zaïre 74 lilidumu siku tatu tu, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa. Picha zilizopigwa pale zilikaa miaka 22 kabla ya kuzaa filamu ya kwanza, na filamu hiyo ilihusu ndondi. Muziki wenyewe ulisubiri miaka 34. Anayetaka kujua kama kuna faida katika kufufua picha za maonyesho ya zamani na kuziingiza sokoni upya aanzie hapo, kwa sababu karibu kila tatizo la biashara hii lilikuwemo ndani ya mikebe ile ya filamu: mtaji uliokatika, kesi, hakimiliki, na wasanii waliopiga muziki bila kuiona faida.

Waandaaji walikuwa Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na rafiki yake Stewart Levine, prodyuza Mmarekani. Walikusudia tamasha litangulie pambano la Muhammad Ali na George Foreman. James Brown alikwenda, B.B. King akaenda, pia Bill Withers, Miriam Makeba, na Celia Cruz pamoja na Fania All-Stars. Wenyeji walikuwa Franco na T.P. O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Abeti Masikini, na wengine ambao sauti zao zilikuwa zikivuma pia Dar es Salaam na Nairobi. Kisha Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, na watalii wenye dola waliotarajiwa hawakuja. Wanamuziki walikuwa na mikataba yenye tarehe, kwa hiyo tamasha halikusogezeka. Mwishowe watu wa Kinshasa waliruhusiwa kuingia bure, wakajaa.

Rais Mobutu wa Zaire aligharimia pambano, pamoja na zile dola milioni 5 za kila bondia. Tamasha na filamu yake vilibebwa na wawekezaji kutoka Liberia, ambao hesabu yao haikuwa ya kijinga: mlangoni warudishe gharama, kwenye sinema wapate faida. Leon Gast aliajiriwa kuongoza filamu ya muziki, na chini yake walikuwepo wapiga picha hodari kama Albert Maysles na Paul Goldsmith. Mapato ya mlangoni yalipokufa, fedha za kuimalizia filamu zilikufa nayo. Mikebe ikaingia kwenye mvutano wa kisheria uliomla Gast miaka mingi, huku akiishi kwa kazi nyingine.

Aliyemkwamua alikuwa David Sonenberg, meneja wa wanamuziki, aliyekuja na mtaji. Lakini kufikia wakati huo soko lilikuwa limehama. Ali alikuwa mgonjwa anayependwa na dunia nzima, na hadithi iliyouzika ilikuwa yake. Basi ndondi, iliyokusudiwa kuwa kitoweo, ikafanywa mlo, na mahojiano mapya yaliyopigwa na Taylor Hackford yakaongezwa. When We Were Kings ilitoka mwaka 1996, ikatwaa Oscar mwaka 1997, na katika kumbi za Marekani iliingiza takriban dola milioni 2.8. Kwa filamu ya hali halisi ya miaka ile hicho si kiasi cha kudharau. Ila mwenye ukumbi hubaki na karibu nusu ya tiketi, msambazaji hukata chake na gharama za matangazo, na kinachosalia ndicho kinacholipa mahakama, maabara, wahariri na riba ya miaka 22. Hata ukijumlisha mauzo ya televisheni na video, hakuna mtu angeweka akiba yake katika mradi wa namna hiyo akitegemea kustaafu nayo.

Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa filamu hiyo, aliona ni kiasi gani cha muziki kilichokuwa kikirudishwa stoo. Ndiye aliyetengeneza Soul Power, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2008 na kuingia sinema mwaka uliofuata. Hapo napo Wamarekani ndio waliopewa nafasi kubwa. Franco, Tabu Ley, Abeti na wenzao walisubiri hadi mwaka 2017, kampuni ya Wrasse Records ilipotoa santuri mbili za wasanii wa Kiafrika wa tamasha lile. Ilikuwa imepita miaka 43. Franco alikuwa amefariki mwaka 1989, Abeti 1994, Tabu Ley 2013. Masekela aliiona kazi hiyo ikitoka, akafariki Januari iliyofuata.

Wanaosema biashara hii inalipa hupenda kutaja Woodstock. Ni kweli tamasha lile la Agosti 1969 liliwaachia waandaaji deni la zaidi ya dola milioni moja, na filamu yake, iliyotengenezwa kwa takriban dola 600,000, ikaiingizia Warner Bros. makumi ya mamilioni. Lakini filamu hiyo ilitoka Machi 1970, miezi saba tu baada ya tamasha, wakati watu bado wanalizungumzia. Haikufufuliwa, ilikuwa habari mbichi. Isitoshe, faida ilikwenda kwanza kwa kampuni ya filamu, na wale waandaaji waliokopa walihitaji karibu miaka kumi kumaliza deni lao. Kuitumia Woodstock kama ushahidi wa thamani ya mikebe ya zamani ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Ushahidi unaofaa zaidi ni Harlem, kiangazi hichohicho. Hal Tulchin alipiga video za Tamasha la Utamaduni la Harlem kwa wiki kadhaa, akapata zaidi ya saa 40 za Stevie Wonder, Nina Simone, Sly Stone, Mahalia Jackson na wengineo. Hakuwa na fedha za taa, kwa hiyo jukwaa lilielekezwa magharibi ili jua la alasiri lifanye kazi hiyo. Akazungusha tepu zake kwa mashirika ya televisheni, akijaribu hata kuliita tamasha lile Woodstock ya watu weusi, na hakupata mnunuzi wa maana. Zikakaa kwake karibu miaka 50. Alifariki mwaka 2017. Mwaka 2021 filamu ya mwanamuziki Questlove, Summer of Soul, iliyotokana na tepu hizo, ilishinda katika tamasha la filamu la Sundance na kununuliwa kwa bei iliyotajwa wakati huo kuwa zaidi ya dola milioni 12, kisha ikachukua Oscar mwaka 2022. Tepu zilikuwa zilezile za mwaka 1969. Kilichobadilika ni soko: makampuni ya utiririshaji yalikuwa yakigombania wateja, na Marekani ilikuwa imetoka kwenye maandamano ya mwaka 2020. Hakuna mhasibu ambaye angeweza kuyaandika hayo kwenye mpango wa biashara wa mwaka 1970, wala wa mwaka 2000.

Gharama ambayo wengi huiogopa ni ya ufundi. Filamu ya asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki na kujikunja. Tepu za sumaku hunata, na nyingine huokwa kwa moto mdogo kwanza ndipo zipite kwenye kichwa cha mashine angalau mara moja. Tepu za video za inchi mbili kama za Tulchin zinahitaji mashine ambazo hazitengenezwi tena, na mafundi wake ni wazee. Yote hayo yana bei, lakini ni bei inayoweza kukadiriwa kabla kazi haijaanza. Bili inayovunja miradi ni ile ya haki. Mwenye mkebe anamiliki picha, basi. Sauti ya mwimbaji huenda ni ya kampuni ya santuri aliyosaini nayo, wimbo ni wa mtunzi na mchapishaji wake, na msanii mwenyewe au warithi wake wana neno kuhusu sura yake. Mikataba mingi ya namna hii ina kifungu kinachosema kuwa mmoja akilipwa zaidi, wote hupandishwa wafikie kiwango chake. Filamu yenye nyimbo 20 inaweza kuwa na watu 60 wa kuwatafuta, na mmoja tu akikataa, onyesho lake linakatwa.

Hilo si jambo la kubuni. Wattstax, tamasha la kampuni ya Stax lililofanyika Los Angeles tarehe 20 Agosti 1972 mbele ya watu zaidi ya 100,000, lilifungwa na Isaac Hayes akipiga wimbo wa filamu ya Shaft. Kampuni ya filamu ya MGM ilikuwa na haki zake, na filamu ya tamasha ilipotoka mwaka 1973 kilele hicho kikalazimika kuondolewa. Watazamaji walikiona mwaka 2003, kampuni ya Stax ya zamani ikiwa imefilisika miaka mingi nyuma. Soul to Soul, onyesho la Accra la tarehe 6 Machi 1971 katika Uwanja wa Nyota Nyeusi, lilirudishwa kwenye DVD mwaka 2004 bila Roberta Flack, ingawa alikuwa ameimba usiku ule.

Na kuna Aretha Franklin. Januari 1972 aliimba usiku mbili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, na Sydney Pollack akapiga filamu kwa niaba ya Warner. Pollack, aliyezoea filamu za kuigiza, hakutumia vibao vya kuoanisha sauti na picha, na maabara zikashindwa kuviunganisha. Albamu ya Amazing Grace iliuza nakala zaidi ya milioni mbili Marekani, filamu ikaenda stoo. Alan Elliott aliinunua mwaka 2007, kompyuta zikafanya kilichowashinda mafundi wa zamani, na picha ikawa tayari. Aretha akaenda mahakamani mwaka 2011 na tena mwaka 2015, akaizuia. Ilionyeshwa Novemba 2018, miezi mitatu baada ya kifo chake, kwa ridhaa ya warithi, na katika kumbi za Marekani iliingiza zaidi kidogo ya dola milioni 4. Simlaumu Aretha. Mtu akiimba kanisani ana haki ya kuulizwa kabla sura yake haijauzwa, na aliyenunua mkebe bila kupata saini yake alikuwa amenunua nusu ya bidhaa.

Wapo wanaopata faida bila jasho jingi. Pink Floyd walipiga muziki katika magofu ya Pompeii mwaka 1971, uwanja mtupu, mbele ya kamera za Adrian Maben. Aprili 2025 filamu hiyo ilirudi sinema duniani kote ikiwa imesafishwa kutoka kwenye negativu zake za awali, sauti imechanganywa upya na Steven Wilson, na albamu yake ikaongoza chati ya Uingereza. Mwaka uliotangulia, Sony ilikuwa imenunua rekodi za bendi hiyo kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 400. Kwa Sony, tiketi ni ziada. Filamu ni tangazo la santuri, fulana na usikilizaji wa mtandaoni, na haki za rekodi zenyewe ziko chini ya paa moja. Ndiyo maana hukumu yangu ni hii: kufufua filamu ya muziki humlipa mwenye katalogi ya nyimbo. Mwenye mkebe peke yake hulipwa mara chache, kwa kuchelewa, na kwa kudra za soko.

Sasa kwetu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo bendi zetu za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilizeeka karibu bila kuonekana kwenye picha zinazotembea. Walichoacha akina NUTA Jazz na Morogoro Jazz ni sauti, nyingi zikiwa zimerekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu za rili. Zanzibar ilitangulia, ikiwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya ilirusha matangazo ya televisheni tangu mwaka 1962. Kila ghala la aina hiyo linashindana na wakati: UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walionya mwaka 2019 kwamba tepu za sumaku ambazo hazingehamishwa kufikia karibu mwaka 2025 zilikuwa hatarini kupotea, hasa kwa kukosa mashine za kuzisomea.

Kudai kwamba tepu hizo zitarudisha fedha kwa mauzo ni kujidanganya, na wafadhili wasidanganywe hivyo pia. Vipande vingi vya Franco na Tabu Ley vilivyorekodiwa televisheni ya Zaire vinatazamwa YouTube bila malipo, vimepandishwa na watu wasiomiliki chochote. Nani atanunua anachokipata bure? Kazi hii igharimiwe kama tunavyogharimia makumbusho na Mji Mkongwe, kutoka bajeti ya utamaduni, na mapato yakija yahesabiwe kama bahati. Sisemi iwe bure kwa wanamuziki. Hao ndio wa kwanza kulipwa.

Na kuna kazi moja isiyohitaji mashine wala mfadhili mkubwa. Wapo wapiga magitaa, waimbaji wa taarabu na watunzi wa miaka ile walio hai Dar, Tanga, Unguja, Mombasa na Lubumbashi, na wanajua nani alitunga nini na nani alipiga nini. Wakuu wa hifadhi za redio na televisheni, pamoja na ofisi za hakimiliki, watume watu kwao sasa, na mikataba mifupi ya Kiswahili inayotaja mgao wa kila mmoja, isainiwe mbele ya mashahidi na nakala ibaki kwa familia. Tepu moja yenye saini kamili ina thamani kubwa kuliko rafu nzima isiyo na mwenyewe.