Pete ya Uchumba na Gharama Yake

Mtu atakaye kusifu mapatano ya watu wawili kwa Kiswahili husema kuwa wao ni kama chanda na pete. Mfano huo ni wa kale, na ajabu yake ni kwamba hautaji dhahabu, wala jiwe, wala jina la sonara. Hutaja kuenea tu: pete iwe kadiri ya chanda, na chanda kiwe kadiri ya pete. Lakini zama zimegeuka. Kijana wa Kilole, kata iliyomo katika mji wa Korogwe, aonapo katika simu yake picha za pete zilizofanywa na masonara wenye majina makubwa ulimwenguni, hujiuliza kama yampasa naye kutoa mali nyingi kwa pete ya namna hiyo ili uchumba wake uwe na heshima. Swali hilo huonekana kuwa la mfuko peke yake. Hata hivyo lina historia ndefu, ambayo sehemu yake si ndogo imepita Korogwe penyewe, na aijuaye historia hiyo hulijibu swali kwa utulivu zaidi kuliko asiyeijua.

Nchi iliyozunguka Kilole ni nchi ya makutano. Wazigua wako upande wa Handeni na kando ya mto Ruvu, Wasambaa wako milimani, na Wabondei wako upande wa mashariki kuelekea Muheza. Posa kwa watu hawa haikuwa habari ya kijana na binti peke yao. Mshenga alitumwa, wazee wakakaa, maneno yakapimwa, na mali ikatajwa mbele ya mashahidi. Kwa watu wa bara mali hiyo ilikuwa mifugo na nguo. Kwa watu wa pwani ilikuwa fedha na vitu vyenye majina yao maalumu. Kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana na maandiko ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenziwe, kimehifadhi habari nyingi za mambo haya. Kilemba kilikuwa haki ya baba, na mkaja haki ya mama, ambaye alijifunga tumbo kwa ajili ya mtoto yule. Kila kitu kilichotolewa kilikuwa na mwenyewe na sababu yake, wala hapakuwa na kitu kimoja kilichobeba heshima yote ya posa. Pete ilijulikana, na wanaume kwa wanawake waliivaa, lakini ilikuwa pambo miongoni mwa mapambo. Uchumba ulishikwa na maneno ya wazee kabla ya kushikwa na madini.

Dini nazo zilikuwa na neno katika jambo hili. Waislamu hukumbuka hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari, juu ya mtu maskini aliyetaka kuoa naye hana kitu. Aliambiwa akatafute japo pete ya chuma. Alipoikosa hata hiyo, aliozwa kwa Kurani aliyoihifadhi. Hapa pete imetajwa kuwa mfano wa mahari iliyo ndogo kabisa, kiasi ambacho mtu hawezi kutazamiwa kushindwa nacho. Na jambo hilo lakubaliana na habari za Rumi ya kale, kwa maana mwandishi Plinio, aliyeishi katika karne ya kwanza, alieleza kuwa mchumba wa Kirumi alipelekewa pete ya chuma isiyo na jiwe. Wamisionari wa UMCA walipojenga Magila katika Bondei, kisha wakaendelea hadi Korogwe, walileta pete ya Kikristo. Lakini pete iliyomo katika ibada yao ni ile ya siku ya ndoa, si ya uchumba. Basi mtu asemaye kuwa pete ya thamani kubwa ni amri ya dini, awe Mwislamu au Mkristo, hana nguzo ya kuegemea.

Mambo yalianza kubadilika ilipokuja fedha taslimu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika nchi hii, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea mpaka Mombo na baadaye Moshi. Mashamba ya mkonge yalitanda pande zote mbili za njia, na wafanyakazi wakaja kutoka mbali: Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, Waha na wengineo. Mfanyakazi alihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye siku thelathini za kazi, na mshahara haukukamilika mpaka siku hizo zote zimekatwa. Kijana aliyetoka Songea au Tabora hakuwa na wazee wake karibu wa kumtuma mshenga, wala ng'ombe wa baba yake hawakuweza kuletwa kwa miguu mpaka Korogwe. Alikuwa na shilingi. Katika mji wa makabila mengi namna hiyo ni rahisi kufahamu kwa nini kitu kidogo kinunuliwacho dukani, kivaliwacho kidoleni na kujulikana na kila mtu bila mkalimani, kilipata nguvu. Tena si haki kuidharau pete kwa sababu hiyo. Ilisema kwa lugha moja jambo ambalo mila nyingi zilisema kwa lugha nyingi.

Lakini bei kubwa ya pete ni habari nyingine, na chanzo chake hakiko Korogwe. Almasi zilipovumbuliwa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1867, zilitoka ardhini kwa wingi usiopata kuonekana, na wenye migodi walihofu kuwa bei itaanguka. Kampuni ya De Beers iliundwa mwaka 1888, nayo ikajitahidi kuushika mlango ambao almasi za dunia zilipita kwenda sokoni. Mwaka 1938, biashara ilipokuwa imedhoofika, kampuni hiyo iliiajiri nyumba ya matangazo ya Marekani iitwayo N. W. Ayer. Mwaka 1947 mwandishi wa nyumba hiyo, Frances Gerety, alitunga yale maneno mashuhuri yanayoifungamanisha almasi na umilele. Na katika miaka ya 1980 matangazo ya almasi huko Marekani yalithubutu kutaja kiasi ambacho mwanamume angefaa kutoa: mshahara wa miezi miwili. Mtu wa Korogwe alipime neno hilo kwa kipande. Ni siku sitini za kukata mkonge, tena siku sitini za kazi iliyokamilika, bila kuhesabu chakula wala kodi. Kiasi hicho hakikuwekwa na mila ya kabila lolote, wala na sheria ya dini yoyote. Kiliwekwa na muuzaji.

Tanganyika yenyewe ilikuwa na sehemu katika hadithi hii. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alivumbua almasi Mwadui, katika nchi ya Shinyanga. Mwaka 1947, mwaka uleule wa maneno ya Gerety, mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, naye Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilipochongwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya Cartier iliitia katikati ya bizimu lenye umbo la ua. Watu hukumbuka jiwe lile na jina lile la Cartier. Wachache hukumbuka kwamba pete ya uchumba ya Binti Mfalme huyohuyo ilifanywa kwa almasi zilizotolewa katika taji dogo la mama yake mchumba wake, Philip. Jiwe la kale la mama mkwe lilimtosha malkia mtarajiwa, wala hakuna aliyesema kuwa uchumba wake ulipungua heshima.

Mfano wa pili u karibu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Jumanne Ngoma aliokota mawe ya rangi ya buluu Merelani, chini ya Kilimanjaro. Serikali ilikuja kumtambua kuwa mvumbuzi, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alitangaza kumpa shilingi milioni 100. Wataalamu waliliita jiwe hilo zoisaiti. Nyumba ya Tiffany ya New York, ilipoanza kuliuza mwaka 1968, iliona kuwa jina hilo halivutii masikioni mwa Waingereza na Wamarekani, ikaliita kwa jina la nchi lilikotoka, tanzanaiti. Jiwe halikubadilika, lilibadilika jina, na kwa jina hilo likapata soko. Hapa kuna somo la wazi juu ya bei ya jina.

Tena kuna somo juu ya kazi ya mikono. Ugumu wa mawe hupimwa kwa kipimo cha Mohs, ambacho almasi huwa ya 10, yakuti ya 9, na tanzanaiti huwa kati ya 6 na 7. Chembe za mchanga mweupe ni za 7. Basi mwanamke asuguaye sufuria kwa mchanga, au ashikaye jembe, akiwa amevaa tanzanaiti kidoleni kila siku, ataiona ikikwaruzika, hata kama iliwekwa na sonara mwenye sifa kuliko wote. Na wakati huohuo, Kalalani, katika wilaya ya Korogwe, kwenye bonde la mto Umba linaloelekea mpaka wa Kenya, huchimbwa yakuti za rangi nyingi ambazo wafanyabiashara wa vito wa nchi za mbali wamezijua tangu miaka ya 1960. Jiwe gumu liko katika wilaya, lakini kijana hutazama dirisha la duka la ng'ambo. Waswahili hawakukosea waliposema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila katika biashara ya vito hata chema hujitembeza, na gharama ya kutembezwa kwake hulipwa na mnunuzi.

Ni vema basi kuichambua bei ya pete ya sonara mashuhuri. Ina sehemu nne: dhahabu, jiwe, kazi, na jina. Dhahabu hupimika, ile ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu safi katika sehemu 24, na uzito wake huonekana katika mizani. Jiwe nalo hupimika, ingawa kwa shida zaidi. Mwaka 2018 De Beers wenyewe walipoanza kuuza almasi zilizotengenezwa kiwandani, waliziuza kwa dola 800 kwa karati moja, nazo kwa asili yake ni almasi kweli. Jambo hilo limewafundisha wengi kuwa sehemu ya bei ya jiwe hukaa katika masimulizi yake. Kazi ni haki ya fundi. Pete iliyofanywa vizuri haikwaruzi, haipindi, na makucha yake hayaliachi jiwe lianguke kisimani. Nyumba yenye jina huogopa aibu, kwa hiyo huangalia kazi yake, hutoa hati ya kweli, na hurekebisha kilichoharibika. Hizo ni faida zisizokanika, hasa kwa mnunuzi asiyejua kutofautisha almasi na kioo. Bali sehemu ya nne, yaani jina, ndiyo ipoteayo kwanza. Siku ya dhiki pete ikipelekwa kwa sonara wa Tanga, huwekwa katika mizani, na mizani haisomi jina.

Tena kuna jambo la sheria, ambalo wachumba wengi hulisahau katika furaha yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 41, haiibatilishi ndoa kwa kukosa kufuata mila ya mahari au ya kupeana zawadi. Kifungu cha 69 chamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia. Na kifungu cha 71 chasema kuwa zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa isiyofungwa yaweza kudaiwa mahakamani, ikiwa mahakama imeridhika kuwa mtoaji aliitoa kwa sharti la ndoa, wala si vinginevyo. Maana yake, pete ya thamani kubwa iliyotolewa bila maneno ya wazi ni mbegu ya kesi. Mshenga wa kale aliyataja masharti mbele ya watu, kwa hiyo kila mmoja alijua kirudicho na kisichorudi. Pete itolewayo kwa siri, ili kumshtusha binti kwa furaha, haina shahidi ila picha.

Mwisho wa yote ni deni. Methali yasema kukopa arusi, kulipa matanga. Kijana akopaye katika kikoba au kwa mwajiri wake ili anunue jina, huanza nyumba kwa kupunguza chakula cha nyumba hiyo; na mkewe, ambaye pete ilinunuliwa kwa heshima yake, ndiye alipaye nusu ya deni bila kuulizwa. Wala lawama si ya mwanamume peke yake, kwani mara nyingi ndugu na marafiki wa pande zote mbili huitazama pete kabla ya kumtazama aliyeileta.

Kwa hiyo jibu la swali halikosi kupatikana. Kama mali ipo pasipo deni, na wawili wamekubaliana, na kinachonunuliwa ni kazi nzuri na jiwe liwezalo kustahimili mkono ufanyao kazi, pete ya sonara mashuhuri si upumbavu, kama vile si upumbavu kununua mlango wa mninga kwa fundi hodari. Lakini kama bei ni ya jina, na jina limekopewa, basi yakuti ya Umba iliyotiwa katika dhahabu ya kadiri na sonara wa Tanga itakaa kidoleni vizuri zaidi, na mchumba apewe nafasi ya kusema lipi alitakalo kabla fedha haijatoka mfukoni.