Maji ya Moto na Siku Arobaini: Ukunga katika Mitaa ya Kariakoo na Jangwani

Maji yana nafasi kubwa katika historia ya uzazi kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, ingawa nafasi hiyo ni tofauti na ile inayokusudiwa siku hizi panapozungumzwa kuzaa ndani ya maji, yaani njia ambayo mama mwenye uchungu hukaa katika hodhi la maji ya uvuguvugu, pengine hadi mtoto azaliwe humo humo, huku mkunga akiwa kando yake. Katika mitaa ya Dar es Salaam iliyozunguka soko la Kariakoo, na kwa jirani zao wa Jangwani, maji yalimfikia mama baada ya kujifungua: yalichemshwa uani, yakatiwa majani, na kwa muda wa arobaini mwili wa mzazi ukakandwa nayo na mwanamke mwenye uzoefu. Anayeifuatilia desturi hiyo tangu zama za nyumba za udongo hadi zama za maghorofa anafuatilia pia habari za mkunga wa mtaani, ambaye hospitali ilichukua kwake kazi ya kuzalisha ikamwachia kazi ya maji.

Mitaa yenyewe ni zao la mipango ya wakoloni. Wajerumani, mwishoni mwa utawala wao, walikuwa wamekwisha kuutenga upande huo wa mji uwe makazi ya Waafrika na kujenga jengo la soko. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, kikosi cha wapagazi wa jeshi lao kikapiga kambi hapo, na jina la kikosi hicho ndilo lililobaki kuwa jina la mtaa. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuutenga upande wa Waafrika na ule wa Wahindi na Wazungu, na upande wa pili Jangwani ikateremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi. Wakazi walikuwa Wazaramo, Wamanyema waliotoka mashariki ya Kongo, Wanyamwezi, Wangazija na wengine wengi, nao wakajenga nyumba ya aina moja ambayo bado inajulikana kwa jina la nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko, choo, na pengine kisima. Ua huo ulikuwa milki ya wanawake. Kwa kuwa vyumba vilipangishwa kwa watu wa makabila na miji mbalimbali, mama aliyejifungua katika nyumba hiyo alihudumiwa na wapangaji wenzake kwa desturi zilizochanganyika, na kwa sababu hiyo ni vigumu kusema kwamba ukunga wa Kariakoo ulikuwa mali ya kabila moja.

Mkunga wa jadi, yaani mwanamke aliyejifunza kuzalisha kwa kumfuata mama, bibi au shangazi yake, kwa kawaida alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzaa, na mara nyingi ndiye huyo huyo aliyewahi kuwa kungwi wa wasichana wa mtaa, kwa hiyo alimfahamu mzazi tangu alipokuwa mwali. Aliitwa uchungu ulipoanza, akampapasa mama tumbo kujua mtoto amelalaje, akamwacha atembee, achuchumae au apige magoti kadiri mwili ulivyomtaka, na ulipofika wakati wa kusukuma mwanamke mwingine alikaa nyuma ya mama akamshika kwapani. Chupa ilipopasuka na mtoto kutoka, mkunga alisubiri kondo la nyuma, akakata kitovu, na kondo likazikwa uani. Uchungu ulipochelewa, familia za Kiislamu zilitafuta kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji au marashi, na maji yale akanyweshwa mama. Ndipo mahali pekee ambapo maji yaliingia katika uchungu wenyewe, na yaliingia kwa njia ya dua.

Mtoto akishazaliwa, kazi kubwa ya maji ilianza. Sufuria au debe, lile kopo la bati lililoletwa na mafuta ya taa na ambalo lilichukua karibu lita 20, liliinjikwa juu ya mafiga tangu alfajiri pamoja na majani ambayo kila mkunga aliyafahamu, mwarobaini ukiwa miongoni mwake. Mzazi aliketishwa juu ya kigoda, mkandaji akachovya kitambaa kizito katika maji, akakikamua kwa haraka ili kisimwunguze yeye mwenyewe viganja, kisha akakigandamiza juu ya tumbo chini ya kitovu, akakishikilia hapo mpaka joto lipungue, akahamia nyonga, kiuno na mgongo, na kurudia mpaka maji yapoe. Kusudi lilikuwa kutoa mabonge ya damu, kulirudisha tumbo mahali pake na kulegeza viungo. Baada ya hapo tumbo lilifungwa kwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa kwa kukazwa, ambacho heshima yake yaonekana hata katika ndoa, kwa kuwa mama wa bibi harusi hupewa zawadi yenye jina hilo kwa ajili ya taabu ya kumzaa binti. Uji wa pilipili manga na supu vilifuata, mafusho yakawashwa, na mzazi akabaki ndani mpaka arobaini itimie. Muda huo uliafikiana na nifasi, yaani damu ya uzazi, ambayo kwa mujibu wa fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kwa kawaida huchukua siku 40 na ukomo wake ni siku 60.

Ni rahisi kuliona jambo hili kuwa starehe ya kimila, na wengi waliotoka nje wameliona hivyo, lakini ukweli ni kwamba mwanamke maskini wa Kariakoo hakuwa na wakati mwingine wowote maishani ambapo mtu mwingine alimchotea maji, akamchemshia, akamwosha na kumlisha kwa wiki nzima na zaidi, asubuhi na jioni. Nayo maji hayakupatikana bure. Visima vya mitaani vilikuwa na maji ya chumvichumvi, na waliokosa bomba walinunua kwa debe kutoka kwa wauza maji waliopita na mikokoteni. Mtambo wa Ruvu Juu ulipoanza mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976, maji ya mto yaliufikia mji kwa wingi zaidi, lakini idadi ya watu ilikimbia mbele ya mabomba: sensa ya 1957 iliwahesabu wakazi wapatao 128,000, na ile ya 1967 ikawakuta zaidi ya 272,000. Familia iliyomkanda mzazi wake mara mbili kwa siku ilikuwa ikitoa sehemu nzito ya kipato chake, na kila jirani alilijua hilo.

Hospitali iliingia katika habari hii kidogo kidogo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha za hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam, wakati Wajerumani walijijengea ya kwao pale Ocean Road. Unguja, kuanzia mwaka 1918, palikuwa na chama cha hiari cha uzazi kilichotegemea michango ya jamii za mji, kikiwa na wakunga wake na kliniki zake. Kwa upande wa Dar es Salaam mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1956 ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili, nayo ipo umbali ambao mtu wa Jangwani aliweza kuutembea kwa miguu. Baadaye Amana, Temeke na Mwananyamala zikapokea wazazi wa wilaya tatu za mji. Huko mama alilazwa chali juu ya kitanda cha kuzalia, akazalishwa na mkunga aliyesomea kazi hiyo, na waliomsindikiza wakaambiwa wasubiri nje. Kanuni hizo ziliokoa wengi, kwa sababu damu inayomwagika, kifafa cha mimba na mtoto aliyekaa vibaya ni mambo yasiyotibika uani kwa ustadi wa mikono peke yake. Lakini zilimwondoa yule mwanamke wa nyuma, mshika kwapa, na kumtenga mama na watu wake katika saa ambayo aliwahitaji kuliko saa nyingine yoyote.

Wanawake wa Ulaya walipata hasara ya namna hiyo hiyo, na kuzaa ndani ya maji kulienea huko kama sehemu ya madai yao. Kisa cha kwanza kilichoandikwa na madaktari kilitokea Ufaransa mwaka 1803, ambapo mama aliyechoshwa na uchungu wa muda mrefu aliingia katika maji ya moto ili apumzike na mtoto akazaliwa humo. Hata hivyo njia yenyewe haikufuatwa mpaka nusu ya pili ya karne ya 20. Michel Odent, daktari wa hospitali ya Pithiviers nchini Ufaransa, aliweka hodhi karibu na chumba cha kuzalia, na mwaka 1983 akaeleza katika jarida la The Lancet habari za watoto mia moja waliozaliwa majini. Nchini Uingereza kamati ya bunge ilipendekeza mwaka 1992 kwamba hospitali ziwape akina mama nafasi hiyo kila inapowezekana. Maji ya uvuguvugu, yenye joto karibu na lile la mwili, huubeba uzito wa mama, hulegeza misuli na kupunguza haja ya dawa za maumivu. Mtoto kwa kawaida haanzi kuvuta pumzi mpaka uso wake ukutane na hewa, kwa hiyo mkunga humtoa majini taratibu bila kuchelewa, akiangalia kitovu kisikatike. Mama mwenye shinikizo la damu, mapacha, au mtoto asiyetimiza miezi haruhusiwi kujaribu. Hodhi lenyewe huhitaji mamia ya lita za maji safi kwa mama mmoja: lita 600 ni sawa na madebe 30. Katika wodi ambazo bomba hukauka, hesabu hiyo yatosha kueleza kwa nini njia hiyo haimo katika huduma ya kawaida ya hospitali za umma za Dar es Salaam.

Mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987 uliwahimiza viongozi wa nchi kuhesabu vifo vya akina mama kuwa jambo la dharura. Wakunga wa jadi wa Tanzania, ambao kwa miaka kadhaa walipewa mafunzo mafupi pamoja na wembe mpya, uzi na sabuni, baadaye walitakiwa waache kuzalisha na wawapeleke wazazi vituoni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba waliojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 mwaka 2015–16 hadi asilimia 81 mwaka 2022, na makadirio ya vifo vya uzazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Takwimu hizi ni fahari ya haki kwa wakunga wasomi wa nchi. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2018 lilipendekeza mama awe na mwenzi wa kumchagua mwenyewe wakati wa uchungu, aachwe atembee na akae atakavyo, na msamba ukandwe kwa kitambaa cha maji ya moto wakati wa kusukuma ili usichanike. Bibi wa Kariakoo asingepata lolote geni katika mapendekezo hayo matatu, isipokuwa kwamba yeye kitambaa alikianza baadaye.

Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa ya biashara, na pamoja nazo zimekwenda nyua, mafiga na udongo wa kuzikia kondo. Bondeni Jangwani, mafuriko ya Desemba 2011 yalizitoa familia nyingi ambazo serikali ilizihamishia Mabwepande, mbali na wakunga na majirani waliozoeana nao. Desturi ya kumkanda mzazi haikufa kwa hayo. Binti wa mjini anayejifungua mtoto wa kwanza huruhusiwa hospitalini baada ya siku moja kama hali ni njema, akaenda kwa mama yake, iwe Tandika, Mbagala au Gongo la Mboto, na maji huchemshwa kwa gesi au mkaa, yakamiminwa katika ndoo ya plastiki na kupelekwa bafuni, ambako shangazi au mwanamke wa kulipwa humkanda kama zamani. Wauguzi wa kliniki, ambao wengi wao walikandwa vivyo hivyo walipozaa, huwaonya wazazi kwamba maji yasiwe ya kuunguza, kwamba damu inayotoka kwa wingi ni ya kupelekwa hospitali mara moja, na kwamba aliyejifungua kwa upasuaji asigandamizwe tumbo mpaka mshono upone.