Foto ya nkambo: nani alikuwa na jina?

Wengi wetu tuko na foto moja ya zamani ku nyumba. Nkambo amekaa ku kiti, mkono wa saa ameuweka juu ya goti ili saa ionekane vizuri. Tunasema "ni foto tu". Lakini foto ile ni historia.

Mu 1898 mpaka 1900, Charles Lemaire aliongoza misheni ya sayansi mu Katanga. François Michel alipiga foto, Léon Dardenne alichora kwa rangi. Chini ya foto zingine wanaandika kabila tu, "mwanamke wa Urua", basi. Jina hakuna, miaka hakuna. Mimi nilisoma agronomia: maandishi ya namna ile tunayaweka ku majani makavu.

Union Minière ilianza mu 1906. Mu foto zake nyingi wafanyakazi wanasimama mistari mbele ya mashine, bila jina. Hata mtu mzima, baba ya watoto, wazungu walimuita "boy". Na miaka? Mu karatasi za wazee wengi utasoma tu "né vers 1920".

Kisha wakaja wapiga foto wa cité. Pale mtu alilipa franga zake, akachagua mwenyewe namna ya kuonekana. Mkubwa anakaa, mdogo anasimama. Kravati, kalamu mu mufuko, redio, kinga. Wakati mwingine koti ni ya studio! Kwa hiyo foto haionyeshi tu cheo mtu alikuwa nacho. Inaonyesha pia heshima aliyoitafuta. Kijana wa miaka 20 anakaza uso aonekane mzee, juu mzee hawezi kuitwa "boy".

Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliliona jambo hili. Mu kazi yake "Mémoire" alichukua wale wafanyakazi wa foto za zamani, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Wanakuangalia sawa vile wanauliza deni.

Kwetu kuko foto ya wanaume watatu. Mmoja ni nkambo. Wale wawili, shangazi peke yake aliwajua, na sikumuuliza mpaka tukamuzika. Leo ku foto yetu wenyewe, ya familia, wamebaki bila jina, sawa wale wa Lemaire. Na pale hakuna mzungu wa kulaumu.

Kama uko na mzee ku nyumba, umupelekee foto jioni hii. Uandike majina nyuma, na kalamu ya risasi, wino unaharibu.