Mbu wa mchana na ubongo wa mtoto aliye tumboni

MTUMBA ni kata iliyo mashariki ya Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa huko Aprili 2019, ofisi za wizara zimejengwa na makazi yameongezeka. Mvua za Dodoma ni chache na huishia Aprili, hivyo wengi huamini kuwa nchi kavu kama hii haina mbu wa kuogopwa. Kwa mama mjamzito, imani hiyo ni ya hatari.

Mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hahitaji mto wala kinamasi. Hutaga mayai katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa, ndoo, matangi yasiyofunikwa, matairi makuukuu na mashimo ya maji ya ujenzi. Mahali ambapo maji huhifadhiwa kwa sababu ni adimu, mbu huyo hupata makazi hata wakati wa kiangazi. Zaidi ya hayo, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua, saa ambazo hakuna aliye ndani ya chandarua.

Virusi vya Zika

Miongoni mwa virusi vinavyoenezwa na mbu huyo, vya Zika ndivyo vinavyojulikana zaidi kwa kuharibu ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Viligunduliwa mwaka 1947 katika mwili wa nyani, kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1952 dalili za maambukizi kwa binadamu zilionekana Uganda na Tanzania.

Kwa zaidi ya nusu karne ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa homa ndogo. Mwaka 2015 madaktari wa Brazil waliona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Februari 1, 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza hali hiyo kuwa dharura ya kimataifa, iliyodumu hadi Novemba mwaka huo.

Hapa nchini, Desemba 2016, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ilitangaza kuwa vipimo vya utafiti vilionyesha dalili za virusi hivyo katika baadhi ya sampuli. Muda mfupi baadaye Serikali ilieleza kuwa hakukuwa na mlipuko wa Zika nchini.

Ubongo huathirikaje?

Mama anapoumwa na mbu mwenye virusi, virusi huingia katika damu na vinaweza kupenya kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Huko hushambulia seli changa ambazo, katika miezi ya mwanzo ya mimba, hugawanyika kwa kasi ili kujenga ubongo. Seli hizo zikifa, ubongo haukui inavyotakiwa, na fuvu nalo hubaki dogo kwa kuwa hukua kwa kufuata ubongo. Ndiyo maana miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, ingawa madhara yanaweza kutokea wakati wowote wa ujauzito.

WHO inakadiria kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya watoto wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito hupata madhara. Mbali na kichwa kidogo, yapo matatizo ya macho na masikio, viungo vilivyokakamaa na degedege. Baadhi huzaliwa na kichwa cha kawaida, kisha huchelewa kukaa, kutembea au kusema. Watu wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, hivyo mama anaweza asijue kamwe kuwa aliugua.

Chikungunya na Homa ya Bonde la Ufa

Chikungunya, iliyotambuliwa mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, hudhuru kwa njia tofauti. Hatari kubwa ni mama anapougua siku chache kabla ya kujifungua. Katika mlipuko wa kisiwa cha Réunion wa mwaka 2005 na 2006, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wakati mama zao wakiwa na virusi katika damu waliambukizwa. Walipopimwa wakiwa na umri wa takriban miaka miwili, nusu ya walioambukizwa walikuwa nyuma kimaendeleo, ikilinganishwa na asilimia 15 ya wasioambukizwa.

Homa ya Bonde la Ufa Dodoma inaikumbuka. Mlipuko wa mwaka 2007 ulithibitishwa kwa wagonjwa 186 nchini, baadhi yao wakafariki, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Utafiti uliofanyika Sudan umeihusisha homa hiyo na kuharibika kwa mimba. Watu wengi huipata kwa kugusa damu au nyama ya mifugo iliyougua, hivyo mjamzito asishiriki kuchinja wala kuzalisha mifugo.

Mama afanye nini?

Zika haina dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Chandarua kiendelee kutumika, kwa kuwa malaria bado ipo, lakini hakitoshi. Vyombo vya maji vifunikwe, na kila wiki visuguliwe kwa ndani, kwa sababu mayai hunata ukutani na huweza kudumu miezi mingi bila maji. Mjamzito avae nguo ndefu mchana na kupaka dawa ya kufukuza mbu inayofaa kwa wajawazito. Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, hivyo kondomu inafaa pale penye hatari.

Mjamzito mwenye homa awahi kituo cha afya. Kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, asidhani kuwa hana ugonjwa wa mbu. Aombe uchunguzi zaidi, na asijinunulie dawa za maumivu dukani.

Mtoto akizaliwa, mzingo wa kichwa upimwe na kuandikwa, na mama asiache kliniki hata kama mtoto anaonekana mzima. Kichwa kidogo kina sababu nyingine pia, zikiwamo rubela na kaswende, kwa hiyo uchunguzi ni wa lazima. Ubongo ulioharibika haurudi ulivyokuwa, lakini mazoezi ya viungo na matibabu ya degedege yakianza mapema humsaidia mtoto. Kazi iliyo rahisi kuliko zote ni kufunika pipa la maji leo.