Ugomvi wa Kubadili Neno

Ndugu mwandishi, tuseme shujaa wako Ali sasa unamwita Juma, na hadithi yako imo katika mafaili 40. Utafungua moja moja hadi lini? Kule Bell Labs, Marekani, Lee McMahon aliitunga sed kati ya 1973 na 1974. Awk ikafuata 1977. Ila sed ya zamani ilikutolea matini iliyorekebishwa tu, faili lenyewe haikuligusa. Mwaka 1987 Larry Wall akaleta Perl: mstari mmoja, mafaili yote yamegeuka palepale. Usipoomba nakala ya akiba, basi, ya kale yamekwenda. Na mashine haijui Kiswahili: "Alikuja" itakuwa "Jumakuja", usipoionyesha mpaka wa neno.

Guido van Rossum akatoa Python 1991, na baadaye mashabiki wakawa kama Simba na Yanga. Wa Perl walijivunia njia nyingi. Wa Python walitaka moja iliyo wazi, wakaiita Perl mikwaruzo ya kuku. Kwa kazi ndefu nawaunga mkono wa Python, lakini kwa neno moja tu, jamani, mistari mitano ya nini?

Python ndiyo iliyotamba. Perl 6 ilitangazwa 2000, ikatoka 2015, na 2019 ikabadilishwa jina yenyewe: Raku.